Kuhamia Mtwara au Lindi na gari lako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Mtwara. Wanaoniuliza habari hizi wengi wanatoka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma: Pemba ya kule, Montepuez, Nampula, Mueda. Wapo wanaorudi kutoka Johannesburg na Durban, na wachache kutoka Muscat au Uingereza. Karibu wote wananipigia simu wakiwa tayari njiani, gari limeshapakiwa magodoro na majiko. Laiti wangepiga miezi mitatu kabla! Haki ya kuingiza gari lako unapohama ni nzuri na ipo kwenye sheria, ila hupatikana au hupotea kule unakotoka, kabla hujawasha injini. Ndiyo maana nimeyaandika haya.

Ni kweli mtu anayehama halipi ushuru wa gari lake?

Kweli, akitimiza masharti. Msamaha huu uko kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mtu anayehamisha makazi yake kutoka nje ya Jumuiya anaruhusiwa kuingiza nguo zake, vyombo vyake vya nyumbani alivyokuwa akivitumia, na gari moja. Awe ametimiza miaka 18. Gari liwe lake mwenyewe, na awe amelimiliki na kulitumia huko nje kwa miezi isiyopungua 12.

Haijalishi kama wewe ni Mtanzania unayerudi nyumbani au mgeni unayekuja kuishi. Sheria inaangalia kuhama, haiangalii rangi ya pasipoti.

Hiyo miezi 12 inahesabiwaje?

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tutulie kidogo.

Maneno ya sheria ni mawili kwa pamoja: kumiliki na kutumia. Kumiliki huanza siku jina lako lilipoandikwa kwenye kadi ya gari, hata kama hela ulitoa mapema zaidi. Ukinunua gari kwa mtu Januari, mkaandikiana karatasi ya mauziano nyumbani kwake, kisha kadi ikabadilishwa jina mwezi wa Septemba, jiandae kuhesabiwa kuanzia Septemba. Nimeona mtu amelia kwa sababu hiyo. Gari lilikuwa lake kweli, majirani wote walijua ni lake, lakini kadi ilikuwa bado na jina la aliyemuuzia.

Kutumia maana yake gari limetembea huko kwa mkono wako. Bima ya mwaka mzima, risiti za matengenezo ya gereji na kodi za barabara za nchi ile ndizo zinazoonyesha hilo. Siku ambazo gari liko melini hazihesabiwi ndani ya ile miezi 12. Aliyelimiliki miezi 11 akasema mwezi wa mwisho utaishia baharini, huyo hajatimiza.

Gari la kampuni uliyofanyia kazi halihesabiki kuwa lako, hata kama ulilala nalo nyumbani miaka 6. Kampuni ikikuuzia siku unapoacha kazi, miezi yako inaanza siku hiyo. Gari ulilorithi au kupewa na kaka yako nalo linaanza kuhesabiwa kuanzia jina lilipogeuka. Na kama gari lina mkopo wa benki, na benki ndiyo iliyoshika umiliki, maliza deni au pata barua ya benki kabla hujafikiria mpaka.

Kwa hiyo ukiwa Pemba au Durban leo na unajua mwakani utarudi, badilisha jina la kadi wiki hii.

Gari la aina gani linakubalika?

Gari la matumizi binafsi. Sheria inatoa nje mabasi na mabasi madogo yenye nafasi ya abiria zaidi ya 13, na magari ya mizigo yenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 2. Kwa lugha ya barabarani kwetu: Noah, Prado, IST, Hilux na kirikuu zinaingia kwenye nafasi hiyo. Coaster haiingii. Hiace inategemea viti vilivyoandikwa kwenye kadi yake, na Canter mara nyingi inakwama kwenye tani. Asije mtu akakwambia ng'oa viti viwili mpakani.

Nina magari mawili, na mke wangu ana lake.

Msamaha ni wa gari moja. La pili lako litalipiwa ushuru kama gari lingine lolote. Kwa la mama, kama yeye naye anahama na kadi ni ya jina lake kwa zaidi ya miezi 12, aombe kwa jina lake mwenyewe na ushahidi wake mwenyewe. Lakini msipige hesabu ya familia kana kwamba la pili limeshasamehewa. Subirini jibu la maandishi.

Nimeishi Nairobi miaka 10. Nahesabiwa nimetoka nje?

Hapana. Sheria inasema nje ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kenya ni mwanachama. Gari la Kenya lina utaratibu wake mwingine. Msumbiji, Malawi, Zambia na Afrika Kusini ziko SADC pamoja nasi, lakini haziko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndiyo sababu anayetoka huko anaweza kuomba msamaha huu.

Nimeshafika mimi, gari liko nyuma. Nina muda gani?

Siku 90 tangu ulipoingia. Kamishna anaweza kuongeza, ila kwa jumla zisizidi siku 360 tangu siku ile uliyofika. Barua ya kuomba nyongeza iandikwe siku 90 zikiwa bado hazijaisha, ieleze sababu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Watu wa huku tuna tabia ya kwenda ofisini kuongea na afisa, tukaelewana vizuri, tukarudi nyumbani tumeridhika. Afisa huyo akihamishiwa Kigoma, maelewano yenu yamehama naye.

Nathibitishaje kwamba nimehama, siyo kwamba nimekuja likizo?

Kwa karatasi ndogondogo nyingi zinazosema jambo moja. Pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka. Kibali cha ukaazi cha nchi uliyokuwa. Barua ya mwajiri ya kumaliza kazi, au ya kufunga biashara. Mkataba wa nyumba uliovunjwa. Barua za uhamisho wa watoto shule. Kwa upande wa huku: mkataba wa nyumba ya kupanga au barua ya serikali ya mtaa, na kama wewe ni mgeni, kibali cha ukaazi cha Tanzania, daraja A, B au C.

Barua ya shule ya mtoto ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mtu anaweza kudanganya kuhusu kazi yake, lakini ni nadra mzazi amtoe mtoto darasa la sita Nampula, amwandikishe Mikindani, kwa ajili ya gari tu.

Natokea Msumbiji. Nibebe karatasi zipi za gari?

Mbili ndizo mama: livrete, yaani kile kijitabu chenye maelezo ya gari, na hati ya umiliki, ile wanayoiita título de propriedade. Watu wengi wanatembea na livrete peke yake kwa sababu ndiyo askari wa barabarani huitazama. Livrete inaeleza gari. Hati ya umiliki inaeleza mwenyewe. Bila ya pili huna cha kuthibitishia ile miezi 12.

Kisha forodha ya kule, Alfândegas, watoe karatasi ya kwamba gari linatoka moja kwa moja na halirudi. Ukitoka kwa kibali cha safari ya muda, kwao gari hilo bado ni la Msumbiji na linadaiwa kurudi. Tafuta despachante, yaani wakala wa forodha wa kule, akufanyie hilo kabla hujafika Negomano, mpakani upande wa Msumbiji.

Karatasi zote za Kireno zitafsiriwe na mfasiri anayetambulika, zipigwe muhuri. Afisa wetu wa mpakani anaweza kuwa anakisikia Kireno vizuri kabisa, wengine ni Wamakonde wenye shangazi zao Mueda, lakini faili halisomwi na yeye peke yake. Litasomwa na mtu aliyekaa Dar es Salaam.

Na jambo ambalo silipitii haraka kamwe: namba ya chesisi. Miaka kadhaa nyuma nilipokea kazi ya mama mmoja aliyekuwa akiuza vitenge Pemba, anarudi kwao Tandahimba na Hilux yake. Alinitumia picha ya livrete kwa simu. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne miaka mingi, na mkunjo ulipita katikati ya tarakimu moja. Mimi nilisoma 8, nikaingiza 8 kwenye mfumo. Gari lilipofika Mtambaswala, mpakani upande wetu, afisa akainama, akasoma kwenye chuma: 3.

Mama alilala Mangaka usiku nne tukirekebisha maingizo. Nilipomfuata siku ya pili alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni ya gari, mizigo yake imefunikwa turubai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nionyeshe hiyo tatu yenyewe."

Nikamwonyesha. Kwenye Hilux namba hugongwa kwenye fremu yenyewe, karibu na gurudumu la mbele la kulia. Tuliloweka kitambaa kwenye mafuta ya taa, tukasugua tope la Negomano mpaka chuma kikaonekana, nikaweka karatasi nyeupe juu na kupitisha penseli taratibu kwa ubavu. Namba ikajitokeza yote, kuanzia AHT, herufi za Toyota zilizotengenezwa Afrika Kusini, hadi ile tatu. Mama akaishika karatasi, akaitazama muda mrefu, akaikunja akaiweka ndani ya kitenge. Kosa lilikuwa langu, na usiku nne zile nilimlipia mimi.

Tangu siku hiyo siandiki namba ya mtu kutoka kwenye karatasi. Kabla hujaondoka, fanya hivyohivyo: kitambaa, mafuta ya taa, penseli. Linganisha na livrete, hati ya umiliki na karatasi ya bima, herufi kwa herufi. Namba ya kimataifa ya chesisi ina nafasi 17 na haitumii kabisa herufi I, O wala Q, hasa ili watu wasichanganye na 1 na 0. Ukiona O kwenye karatasi ya gari lenye namba ya aina hiyo, ujue aliyeandika alikosea, na ukarekebishe hukohuko. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi zaidi, hayo usiyashangae.

Tulikimbia Cabo Delgado, karatasi zikabaki au kuungua. Tufanyeje?

Poleni. Tangu vita ilipoanza kule Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, tumepokea watu waliovuka na funguo ya gari tu mkononi.

Gari lisilo na karatasi halina mwenyewe mbele ya sheria, hata kama mtoto wako alizaliwa ndani yake. Lakini kumbukumbu za usajili hazikai kwenye kabati la nyumba yako peke yake. Livrete mpya huombwa INATRO, taasisi yao ya usafiri wa barabarani, na hati ya umiliki huombwa ofisi yao ya usajili wa magari. Huhitaji kurudi palepale ulipokimbia. Mtu wako aliye Nampula au Maputo anaweza kufuatilia kwa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa. Mpe namba ya gari, namba ya chesisi uliyoisugua kwa penseli, nakala ya pasipoti au kitambulisho chako, na taarifa ya polisi ya upotevu.

Picha za zamani kwenye simu zisifutwe. Nimewahi kuona picha ya harusi, gari limepambwa maua, namba inaonekana vizuri na tarehe ipo. Haikuwa uthibitisho wa umiliki, ila ilisaidia kuonyesha matumizi ya mwaka ule.

Wakati unasubiri, usilitembeze gari. Liweke sehemu inayojulikana, toa taarifa forodha kwamba lipo na linasubiri karatasi. Gari lililofichwa uani likikamatwa linasomeka kama gari la magendo, na magendo adhabu yake ni pamoja na kutaifishwa.

Nipite Mtambaswala au Kilambo?

Kwa gari lililobeba nyumba nzima, Mtambaswala. Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720 lilifunguliwa Mei 2010, na ukishavuka uko Nanyumbu: lami hadi Mangaka, kisha Masasi. Kutoka Masasi unachagua kupita Ndanda na Mtama hadi Mnazi Mmoja, ambapo wa Lindi anakata kushoto na wa Mtwara anakata kulia, au kupita Newala na Tandahimba. Ugumu uko upande wa pili, kati ya Mueda na Negomano. Masika barabara hiyo si ya kuchezea.

Kilambo iko karibu na Mtwara mjini, lakini pale unavuka kwa pantoni, na pantoni inatii maji ya Ruvuma. Piga simu kwa mtu aliyepo pale asubuhi hiyohiyo, siyo jana yake.

Kote kuwili, fika asubuhi. Anayefika saa kumi jioni na faili la kuhama makazi, mara nyingi analala hapo.

Gari langu linakuja kwa meli. Linaweza kushuka bandari ya Mtwara?

Bandari yetu ina kina kizuri cha asili na sasa ina gati mpya ya mita 300. Lakini kazi yake kubwa ni korosho, saruji na makaa ya mawe. Meli za kubeba magari hushusha Dar es Salaam. Kontena linaweza kuletwa Mtwara meli ikiwepo, na msimu wa korosho ndio meli za kontena huonekana zaidi. Usikubali kusubiri miezi kwa sababu tu unataka gari lishukie mlangoni kwako. Ligomboe Dar, kisha uje nalo kwa barabara, kilomita zinazokaribia 560 kupitia Kibiti, Daraja la Mkapa, Nangurukuru na Lindi. Kipindi cha mvua kubwa ulizia kwanza hali ya Somanga. Mei 2024 barabara ilikatika pale.

Mzigo unatakiwa uingizwe kwenye mfumo wa forodha ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Zikipita, unahesabiwa gharama za kuhifadhi kila kunapokucha, na mwisho wa safari hiyo ni mnada. Kwa hiyo ombi la msamaha litangulie meli. Meli ikikuta unaanza kutafuta barua ya mwajiri, umechelewa.

Nikikosa msamaha, nitalipa kiasi gani?

Thamani ya gari haitoki kwenye risiti yako tu. TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Weka aina, mwaka na ukubwa wa injini, utaona wanavyolithamini. Fanya hivyo kabla hujaamua kulileta.

Tuseme wamelithamini, pamoja na usafiri na bima hadi kufika, Sh 20,000,000, na injini ni ya cc 1,800. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh 5,000,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini hiyo unapigwa juu ya milioni 25, unapata Sh 1,250,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya vyote hivyo, milioni 26.25, unapata Sh 4,725,000. Jumla Sh 10,975,000, kabla ya tozo ndogondogo na malipo ya wakala. Ona kodi inavyopanda juu ya kodi. Injini ikizidi cc 2,000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10. Na gari dogo lenye miaka 8 na kuendelea tangu kutengenezwa huongezewa ushuru wa uchakavu, na huo ndio unaowaumiza wanaopenda magari ya zamani.

Viwango hivi hufunguliwa upya kila mwaka na Sheria ya Fedha, vinaanza 1 Julai. Hesabu uliyopewa Mei isikupe usingizi Agosti.

Na nikipata msamaha, silipi chochote?

Usiseme hivyo. Msamaha wa Jedwali la Tano ni wa ushuru wa forodha. VAT na ushuru wa bidhaa kila moja ina sheria yake. Mwambie wakala akuandikie mstari kwa mstari: hiki kimesamehewa kwa kifungu fulani, hiki kinalipwa. Usajili, namba, bima na gharama za bandari zinabaki palepale. Mteja anayesikia neno msamaha halafu akaja na nauli tu mfukoni hunipa huzuni, kwa sababu kosa ni la aliyemwambia nusu ya habari.

Gari langu lina usukani wa kushoto.

Sisi tunapita kushoto mwa barabara, usukani uko kulia. Msumbiji, Malawi, Zambia, Afrika Kusini na Uingereza wako hivyohivyo, kwa hiyo wanaotoka huko hawana shida. Oman, Falme za Kiarabu na Marekani wanapita kulia. Kama unatoka Muscat, ushauri wangu ni uliuze kulekule. Kulipita lori la korosho barabara ya Newala ukiwa umekaa upande wa majani, huoni mbele, ni hatari ambayo siitakii familia ya mtu yeyote.

Kuna ukaguzi gani?

TBS wanaangalia ubora na usalama wa gari lililotumika. Ulizia kabla ya kusafirisha unatakiwa ukaguliwe wapi. Kwa magari ya kusini mwa Afrika, polisi wanaweza kuipitisha namba ya chesisi kwenye kumbukumbu za Interpol kuona kama halikuibwa. Anayetoka Afrika Kusini achukue hati ya polisi wa kule ya kuruhusu gari kutoka nchini. Usipoipata kule, huku hakuna wa kukupa.

Kuna kijana pale mpakani ameniambia atalipitisha kwa laki tatu.

Huyo ni kishoka. Nimekwisha kuona kazi zao kwenye meza yangu mara nyingi kiasi kwamba naomba unisikilize kwa makini.

Anachofanya mara nyingi ni kuliingiza gari lako kwa kibali cha muda, tena kwa jina la mtu mwingine. Wewe unaona karatasi ina muhuri, unashukuru, unafika Lindi. Baada ya muda kibali kinaisha. Simu ya kijana haipatikani. Sasa gari lako liko nchini kinyume cha sheria, na mbaya zaidi, ile haki yako ya msamaha umeiharibu mwenyewe kwa sababu siku 90 zimepita na kumbukumbu zinaonyesha gari liliingia na mgeni asiyekuwa wewe. Mzee mmoja wa Kilwa alikuwa na miaka 9 ya umiliki halali, faili safi, na akaishia kulipa ushuru wote kwa ajili ya laki tatu aliyoambiwa itamrahisishia.

Wakala halali ana leseni ya mwaka husika, muulize akuonyeshe. Malipo ya serikali hulipwa kwa kontroli namba, benki au kwa simu, risiti inasoma jina lako. Hakuna pesa ya serikali inayopokelewa kwa mkono chini ya mwembe.

Nikishagomboa, nasajili vipi?

Unahitaji TIN, na kwa Mtanzania TIN inahitaji namba ya NIDA. Anayerudi baada ya miaka mingi mara nyingi NIDA hana, kwa hiyo aanze na hiyo. TRA wanasajili gari na kutoa kadi, unafunga namba za T, za njano kwa gari binafsi. Bima unakata baada ya hapo. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, wanaokumbuka zamani watauliza, ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta.

Bado sijaamua kama nitabaki.

Basi usiombe msamaha wa kuhama. Ingia kwa kibali cha muda kwa jina lako, toka kabla hakijaisha. Ukipewa msamaha kisha ukahama tena ndani ya siku 90, utatakiwa uvitoe vitu hivyo nchini au uvilipie.

Naweza kuliuza baadaye? Na kumpa mdogo wangu aliendeshe?

Msamaha ulipewa wewe, haukupewa gari. Ukimuuzia au kumhamishia mtu asiye na haki hiyo, ushuru uliosamehewa unadaiwa, na ni wewe utakayefuatwa. Anayetaka kuuza aende kwanza TRA, gari lithaminiwe kwa hali yake ya siku hiyo, ushuru ulipwe, ndipo wabadilishane jina. Gari limechakaa, ushuru nao unakuwa umepungua.

Mdogo wako akikupeleka hospitali Ligula au akienda nalo sokoni, hiyo ni familia. Ukimkabidhi akae nalo Dar afanyie biashara ya teksi, hapo gari limeacha kuwa chombo cha nyumbani kwako. Yule mama wa Tandahimba aliniuliza swali hilohilo siku nilipompelekea namba zake mpya. Mtoto wake wa kiume alikuwa amesimama pembeni na funguo mkononi, na mama akamnyang'anya palepale, akazifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na ile karatasi ya penseli.